Wa Nne Hajaitika

Wapo watakaokuambia jini hakai penye umeme, kwamba yeye ni wa magofu na vichaka. Waache waseme, mdomo ni wao. Hao hawajawahi kuingia chumba cha seva cha hospitali kubwa, jua la utosi likiwaka nje, wakakuta harufu ya maziwa yaliyochacha mahali ambapo hata glasi ya maji hairuhusiwi kupita mlangoni.

Mambo yalianzia wodi ya wazazi, tena kidogo tu. Muuguzi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa wa pili, alimwandikia mgonjwa dawa kwenye kompyuta, akabonyeza "hifadhi", na kijiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kikazunguka weee. Akaenda kumgeuza mgonjwa ubavu, akarudi, kijiduara bado kiko mbioni. "Na wewe leo umeamka vibaya?" akakiuliza. Kesho yake ikawa hivyohivyo maabara, ikawa hivyo kwenye dirisha la dawa. La ajabu, kusoma kulikuwa shwari. Ukitaka kuliona faili la mgonjwa, hili hapa, kufumba na kufumbua. Ukitaka kuandika neno moja ndani yake, kaa usubiri. Na hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake: hata mfuko wa damu hautoki kwenye friji mpaka kwanza uandikwe kwenye mfumo, ndipo kufuli lijifungue lenyewe.

Aliyeitunza kanzidata, lile ghala ambamo kila kitu cha hospitali huandikwa, alikuwa mwanamke waliyemwita Chiriku. Jina la cheti walilijua watu wa mishahara tu. Aliongea kuanzia getini mpaka getini, aliongea na watu, aliongea na mashine, na akikosa vyote aliongea na kikombe chake. Lakini siku zile alikuwa amelazwa kitandani nyumbani kwa mama yake, na mimba ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka, moja bafuni, nyingine kwenye ngazi, zote zikiwa zimeshaanza kucheza tumboni, na safari hii daktari alimnyooshea kidole: lala, usinyanyue hata sufuria. Mumewe alikuwa dereva wa malori, leo huku kesho kule, kwa hiyo mama ndiye aliyempikia, akamkanda miguu, akamfukuzia wageni. Chiriku alikuwa ameapa kwamba hii haitoki. Angelala mwaka mzima kama ingebidi.

Ndipo kaka yake akapiga simu.

Kaka ndiye alikuwa mkuu wa kitengo. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba. Alimsomesha Chiriku, akamfundisha kazi hii kama mtu anavyomfundisha mtoto kutembea, mwisho akamtafutia nafasi palepale kwake. Hakuwa na mke wala mtoto. Watu walisema kamuoa dada yake kwa kazi, na wote wawili walikuwa wakicheka wakisikia.

"Mdogo wangu, mashine zinasuasua."

"Nimesikia, kaka. Umeangalia diski?"

"Nimeangalia kila kitu. Kuna kazi moja imekwama mbele ya foleni, inataka idhini yako. Njoo uipitishe, urudi ukalale."

"Kaka, daktari kasema..."

"Nakutumia gari mpaka mlangoni. Hutanyanyua hata kalamu. Kidole kimoja tu, Chiriku wangu."

Sasa hapa inabidi uelewe utaratibu wa kitengo kile. Zamani kijana mmoja alikosea amri moja, akafuta taarifa za wodi nzima, na tangu siku hiyo ikawekwa sheria: anayeanza siye anayepitisha. Kazi yoyote inayogusa moyo wa mfumo huanzishwa na mtu mmoja na kuidhinishwa na mwingine, naye huyo wa pili lazima awe ameketi ndani ya chumba cha seva, haipitishwi kwa mbali. Sheria nzuri, hakuna atakayebisha. Ila kwa vile Kaka ndiye aliyeanzisha kazi nyingi, na Chiriku ndiye aliyekuwa mwidhinishaji wake, sheria ikageuka mazoea. Kaka anaita, Chiriku anabonyeza, kinywa chake kiko kwenye hadithi nyingine kabisa. Nani anapekua maneno ya kaka yake?

"Nenda, mwanangu," mama akasema. "Kaka yako ndiye katulea sote." Akapiga magoti, akamvisha viatu kwa mkono wake. Chiriku akacheka, akasema mama anamdekeza kama kichanga. Mama hakucheka. Akafunga kamba za viatu, akasimama, akaenda jikoni.

Chumba cha seva hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na baridi siku zote, maana mashine zinataka baridi, lakini baridi ya siku ile iliingia mpaka kwenye fizi. Na ile harufu.

"Nani kaja na maziwa humu?" Chiriku akauliza.

"Sisikii kitu," Kaka akajibu. Alikuwa amemwekea kiti na mto wa mgongoni, akambebea mkoba, akamshika kiwiko kama yai. "Kaa. Fungua mbele ya foleni tu, usijichoshe na mengine."

Lakini Chiriku fundi, bwana. Fundi hapitishi kitu kabla hajajua ugonjwa. Mle chumbani mlikuwa na mashine tatu, na zote tatu zilishika maandishi yaleyale, ili moja ikifa wagonjwa wasipotee nayo. Kuandika kwake kulikuwa kama posa. Neno linaletwa, linapelekwa kwa wajomba wote, na mpaka kila mjomba aseme ndiyo, hakuna ndoa. Mjomba mmoja akizubaa, ukoo wote unasubiri. Kwa hiyo kazi ya Chiriku ilikuwa kumtafuta mjomba aliyezubaa.

Akaandika neno la majaribio. Mashine ya kwanza ikajibu ndiyo papo hapo. Ya pili ndiyo. Ya tatu ndiyo. Na bado neno likaning'inia, kijiduara kikazunguka.

"Mh," akasema.

Akaangalia diski, hazina tatizo. Akaangalia nyaya, nzima. Akatafuta kama kuna kazi nzito mtu kaisahau inakimbia, hakuna. Wajomba wote watatu wameshasema ndiyo, tena kwa haraka, na ndoa haifungwi.

"Sasa wanamsubiri nani?" akaiuliza skrini.

"Chiriku, mbele ya foleni," Kaka akasema taratibu.

"Nakuja huko, kaka, usinikimbize." Akaiamuru kanzidata imtajie wajumbe wote wa kikao, mmoja mmoja. Ikamtajia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu ikakaa kidogo, mithili ya mtu anayefikiria kama aseme au asiseme, ikamtajia na wa nne. Huyo hakuwa na jina. Hakuwa na anwani. Mbele yake paliandikwa neno moja tu: hajaitika.

Hapo ndipo Chiriku aliposikia kitu ambacho masikio yake yalikuwa yamekikataa tangu aingie, kwamba ndani ya ngurumo ya feni za zile mashine tatu, ambazo alizijua kama mtu anavyojua mikoromo ya watu wa nyumbani kwake, kulikuwa na pumzi ya ziada, pumzi inayovutwa ndani, inavutwa, inaendelea kuvutwa bila kuachiwa, na kila baada ya muda kidogo ikifuatwa na sauti ndogo ya kitu kinachomeza mate.

"Kaka," akanong'ona. "Nani kaongeza mashine?"

"Hakuna. Ni mtandao tu umechanganya."

"Mtandao hauna mate ya kumeza, kaka."

Chiriku akafungua mbele ya foleni. Kazi iliyokwama ilikuwa moja tu, imeshika mlango, na maandishi yote ya hospitali yamejipanga nyuma yake. Aliyeanzisha: Kaka. Anayesubiriwa kupitisha: Chiriku. Kwa kawaida sehemu ya chini huwa na lugha ya mashine, mabano na alama. Safari hii yalikuwa maneno ya watu.

*Aliyemo tumboni mwa mdogo wangu, nimemtoa kwa aliyekaribishwa. Hii ya tatu.*

Akasoma tena, taratibu, akifuatisha kwa kidole. Ya tatu. Na kwa kuwa kazi yake ni kutafuta, na vidole vya fundi hutangulia akili yake, akatafuta ya kwanza na ya pili kabla hajajizuia, na zikaja, zote zimeshapita, na kila moja imekaa juu ya siku ambayo yeye hakuhitaji kalenda kuikumbuka, siku ya bafuni na siku ya ngazi, na chini ya kila moja, mahali pa aliyepitisha, pameandikwa jina lake yeye mwenyewe, Chiriku, Chiriku, na akakumbuka, Mungu wangu, akakumbuka kwamba siku ya ngazi alikuwa anacheka, alikuwa anamsimulia mtu wa stoo, kwa simu ya mezani ya humuhumu, kisa cha mbuzi aliyeingia saluni, Kaka akapita nyuma yake akamwambia nipitishie hii, naye akabonyeza bila hata kugeuza shingo na kisa chake akakimalizia.

"Ulinifanya nibonyeze," akasema. "Wanangu. Ulinifanya nibonyeze mwenyewe."

Kaka alikuwa ameketi, mikono mapajani, macho sakafuni.

"Mashine zilikuwa zinakufa, Chiriku. Hukumbuki? Kila wiki moja inaanguka, wagonjwa wanapotea, walikuwa wanipige chini. Nikaelekezwa kwa mtu. Akanionyesha jinsi ya kumkaribisha huyu kikaoni. Tangu siku hiyo ulisikia mashine imeanguka tena? Sikujua atadai nini. Nakuapia sikujua. Baadaye ndipo aliposema anataka damu yangu, na mimi sina mtoto."

"Na mimi? Mimi si damu yako?"

"Ndiyo," Kaka akasema. "Ndiyo maana kakukubali."

Waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha hawakuwa na kaka kama huyu. Chiriku alimwogopa jini, ndiyo. Lakini jini hakumsomesha. Jini hakumbeba mgongoni wakati wa mvua kumpeleka shule. Jini hakushika mkono wake hospitali ileile, mara zote mbili, akalia naye, akamwambia Mungu atakupa mwingine. Hilo ndilo lililompasua.

Simu ya mezani ikalia. Akapokea bila kufikiri.

"Chiriku! Bora upo!" Alikuwa muuguzi mkuu. "Nina mama hapa amejifungua, anavuja damu, damu ya kumwongezea naiona kwenye friji kwa macho yangu, kufuli limegoma! Fanya kitu, mwanangu, huyu anatuondokea!"

"Umesikia?" Kaka akainua macho kwa mara ya kwanza. Alinong'ona kwa huruma, tena huruma ya kweli, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. "Kuna watu wazima wanakufa huko. Kidole kimoja tu na kila kitu kinafunguka. Wewe bado kijana, mdogo wangu. Utapata mwingine."

"Wa kukupa tena?"

Kwenye skrini, kile kishale kilikuwa kimeshafika chenyewe juu ya kitufe cha kupitisha, kikatulia hapo. Kile kiumbe kisingeweza kubonyeza, nacho kilifungwa na sheria ileile. Lakini Chiriku alihisi mkono wake wa kulia ukipata baridi kuanzia kucha, baridi nyepesi kama vidole vya mtu juu ya vidole vyake, vikimsindikiza kwa upole kuelekea kwenye kitufe, na tumboni, mahali ambapo asubuhi yote mtoto alikuwa anapiga danadana, pakawa kimya kabisa.

Akauvuta mkono kwa mkono mwingine.

"Dada muuguzi, nisikilize," akasema kwenye simu, meno yakigongana. "Vunja hilo kufuli. Chukua nyundo, chukua chuma cha kitanda, vunja. Halafu waambie wote waandike kwa kalamu. Mfumo nauzima sasa hivi. Wakikuuliza, nimesema mimi." Akaweka simu. Akamgeukia kaka yake.

"Aliyeanza anaweza kufuta. Futa."

"Nikifuta atanigeukia mimi."

"Najua. Futa, kaka."

"Chiriku..."

"Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu maishani mwangu, ulinipa kabla sijaomba. Leo nakuomba. Futa." Alikuwa analia sasa, hajifuti. Kibodi ilikuwa karibu na Kaka kuliko hata yeye. Ilitaka kidole kimoja tu. Kaka akaitazama ile kibodi, akaitazama kwa muda, halafu akairudisha mikono yake mapajani, akaipachika katikati ya magoti.

"Siwezi," akasema.

Basi. Chiriku akainuka, tumbo mbele, akishika ukuta. Akaenda nyuma ya kabati la mashine, akang'oa nyaya za kwanza. Akang'oa za pili. Akang'oa za tatu. Feni zikapunguza mwendo, zikakata, na hospitali nzima skrini zikawa nyeusi. Chumba kikawa kimya, ila ile pumzi, ambayo sasa haikuwa na mahali pa kujificha, ilikuwa imesimama nyuma ya sikio lake, ikivuta, ikivuta, na harufu ya maziwa ikamjaa mdomoni mpaka akahisi ladha yake, na ndipo iliposema, kwa sauti ya kitoto, halafu kwa sauti nyingine ya kitoto ndogo zaidi juu ya ile ya kwanza, zote mbili pamoja:

"Mama. Sema ndiyo."

Jamani. Hakuna mzazi asiyeitika akiitwa. Mdomo wa Chiriku ulifunguka wenyewe, neno likafika mpaka kwenye meno, na kama angekuwa mtu mwingine angeitika na ingekuwa imekwisha. Akajing'ata mdomo wa chini. Akajing'ata mpaka damu ikamtiririka kidevuni, machozi yanashuka, kichwa kinakataa, kinakataa, na zile sauti zinaita tena, zinabembeleza, zinalia, na mikono yake huku inafanya kazi inayoijua. Alirudisha umeme wa mashine ya kwanza peke yake, bila waya wa kuiunganisha na kitu chochote. Mashine ya aina ile ikiamka huwatafuta wenzake kwanza, haianzi kazi mpaka wamepatana, na hapo ndipo mtu angeweza kuingia tena. Kwa hiyo akaiandikia amri ambayo fundi huiandika baada ya msiba mkubwa tu: amka, wewe ndiye wa kwanza, huna mwenzako, usimsubiri mtu.

Mashine ikanguruma. Ikahesabu wajumbe wake, ikapata mmoja. Kilichokuwa kimekubaliwa zamani kilikuwepo, kwa sababu kilichopita kimepita, hata ya kwanza na ya pili. Lakini kilichokuwa kinasubiri idhini kilikuwa hakipo tena. Mbele ya foleni palikuwa peupe. Akaandika neno la majaribio, likaingia kabla hajainua kidole.

Zile sauti zilikatika. Harufu ikaondoka, pakabaki ile ya plastiki na vumbi la siku zote.

Pumzi haikuondoka. Ilihama tu. Chiriku aligeuka, akaona kifua cha kaka yake kinapanda, kinapanda, kinaendelea kupanda, bila kushuka. Koo likameza mate. Macho yalikuwa yanamtazama mtu aliyesimama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Naam," Kaka akasema.

Akasikiliza.

"Naam. Ni mimi niliyeanza."

Akainuka, adabu zote, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, akafungua mlango akatoka. Chiriku alimsikia kwenye korido ndefu akiitika kila baada ya hatua chache, naam, naam, sauti ikizidi kwenda mbali, mpaka ikafika mahali pa ngazi na kukoma. Hakumfuata. Alitaka kumfuata, ukweli usemwe, mguu mmoja ulishatangulia. Halafu tumboni mtoto akampiga teke moja la hasira, la nguvu, na Chiriku akaketi sakafuni palepale, akalia kwa sauti.

Simu ya mezani ikalia tena. "Kufuli tumelivunja!" muuguzi mkuu akapiga kelele. "Damu inaingia, rangi inamrudia! Wewe uko salama huko?" Chiriku akasema yuko salama. Hakujua kama ni kweli.

Alimtaka mama yake. Hakutaka kingine chochote duniani. Alitaka kusikia ile sauti ikimwambia njoo nyumbani, njoo ulale, na kisha aweke kichwa kwenye mapaja yale na amwambie jambo ambalo hakuna mama angeweza kulibeba, kwamba mwanao wa kiume alikuwa anawauza wajukuu zako. Akatafuta namna ya kulisema bila kumuua bibi wa watu. Akatoa simu yake ya mkononi, akafuta damu kidevuni kana kwamba mama angeiona, akapiga.

Haikulia hata mara mbili.

Mama hakusema haloo. Hakuuliza tumbo linaendeleaje, wala kama gari lilimfikisha salama.

"Umeshabonyeza?" akauliza.

Chiriku akakaa na simu sikioni. Kwenye korido wauguzi walikuwa wanakimbia na makaratasi, wakiitana.

"Nibonyeze nini, mama?"

Upande wa pili mama akaanza kuhema kama mtu aliyepanda ngazi.

"Mpe simu kaka yako," akasema, sauti inatetemeka. "Mpe simu sasa hivi. Nataka kumsikia mwanangu."